Wangari Hakuangusha Ndege

Tangu nirudi, simu yangu haijapoa. Nyinyi marafiki wa Chaka, Kiganjo na Nanyuki mnaniuliza swali moja kwa njia nyingi: ni kweli, ati msichana wako aliangusha ndege? Nimechoka kujibu nikiwa shambani na matope mikononi. Nimeketi nikaandika yote, tangu nilipotoka hadi niliporudi. Mambo ya pasipoti na foleni za ofisini nimeyaruka kwa sababu hayana utamu. Someni, halafu mniache nipalilie viazi vyangu.

Chaka hadi Gakindu

Mimi nalima Chaka, lakini nyumbani kwetu hasa ni Gakindu, kule Mukurweini, ambako mama yangu bado anaishi katikati ya kahawa yake na hataki kusikia habari ya kuhama. Anaitwa Wangari. Binti yangu wa kwanza naye ni Wangari, kwa sababu kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Wala hapewi jina tupu. Huhesabiwa kuwa ni yule bibi amekuja tena. Ndiyo maana mimi na mvi zangu humwita mtoto niliyemzaa Maitu, yaani mama. Wageni wakisikia hushangaa, na mimi huwaacha washangae. Ili msichanganyikiwe, hapa mama yangu nitamwita Shosho, kama wajukuu wanavyomwita, na Wangari atakuwa yule wa ndege.

Wangari ni rubani msaidizi. Mwaka huu alianza safari za mbali, na akaniambia nisife kabla sijaona kazi yake. Tukakubaliana nipande naye hadi Accra, nilale huko, nirudi naye. Kabla ya hapo mahali pa juu kabisa nilipowahi kuketi ni juu ya magunia ya viazi kwenye lori.

Huwezi kwenda upande wa pili wa Afrika bila kumuaga mama yako, kwa hiyo nilianzia Gakindu. Shosho alikuwa amechemsha nduma, akazifunga kwa leso nimpelekee mjukuu. Tulipomaliza kula alinishika mkono wa kulia, akaufungua, akanitemea mate kidogo kiganjani, kama umande tu, kisha akanikunja vidole. Mnajua wazee wetu hubariki hivyo. Lakini baraka hii haikuwa yangu.

"Ni ya Wangari," aliniambia kwa Kikuyu. "Mshike mikono umpe kabla hajaendesha hicho chombo. Na mkono huu usiuoshe."

Najua mnacheka. Haya, nani kati yenu angeuosha?

Gakindu hadi uwanja wa ndege

Ilikuwa Julai, na mnajua baridi ya kwetu Kieni mwezi huo, kwa hiyo nilikuwa na glavu zangu za sufu za kufungulia ng'ombe asubuhi. Nikavaa ile ya kulia. Jirani wa Shosho alikuwa akipeleka maparachichi Nairobi akanipa lifti. Njia nzima alikuwa akiniuliza kama mkono wangu umeungua, nami nikimjibu kwamba nimebeba mzigo.

Uwanja wa ndege nilifika mapema kupita kiasi. Kwenye ukaguzi nduma zilipita bila matata. Askari alizitazama kwenye mashine akasema ati amekumbuka nyumbani. Shida ikawa mkono. Askari wa kike, msichana mpole tu, alitaka nivue glavu anipanguze kiganja kwa kitambaa chake. Nikamwambia glavu nitavua, lakini kupanguzwa, hapana.

"Mzee, hii inatafuta tu baruti."

"Hapa hakuna baruti. Ni mate ya mama yangu."

Watu nyuma yangu wakaanza kunung'unika. Msichana akamwita mkubwa wake, bwana mnene mwenye lafudhi ya kwetu kabisa, sijui ni wa Othaya au Tetu. Nikamweleza. Alinitazama, akatazama kiganja, akacheka mpaka akashika meza.

"Panguza mkono wa kushoto na hiyo glavu," akamwambia msichana. "Huyu mzee muache aende. Hata mimi niko na shosho."

Nilidhani matatizo yameisha. Kumbe ndege yetu ilikuwa bado haijarudi kutoka ilikokwenda. Tukakaa. Tukakaa tena. Nilikula nduma moja, nikajilaumu, nikala ya pili. Hatimaye nikamwona Wangari ng'ambo ya kioo, amevaa sare, anavuta kasanduku kake, anatembea na kapteni. Nilibisha kioo kwa mkono wa kushoto, nikimwonyesha ule wa kulia. Alinipungia, akatabasamu, akapitiliza. Wao wana mlango wao na haraka yao, na mimi nilikuwa abiria kama wengine. Basi baraka ikabaki kwenye glavu, na mimi nikapanda ndege nikiwa na wasiwasi ambao sikuweza kumweleza mtu.

Angani

Wasiwasi ulinitoka tulipopaa. Mlima wetu ulijitokeza juu ya mawingu dirishani, nami nikajua kwamba mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi upande huu wa mlima ndiye anayenionyesha kilele kutoka juu. Machozi yalinitoka, sikatai.

Aliyeketi karibu nami alikuwa Mama Ciku, mwanamke wa Karatina anayeuza vitenge na huvifuata mwenyewe Afrika Magharibi. Nilimwambia kabla hata ya chai kwamba rubani ni binti yangu. Akafurahi, akawaambia walio nyuma. Mimi nikawaambia walio mbele. Nilipomaliza, nadhani hata waliokuwa chooni walikuwa wamejua. Mama Ciku aliniuliza nilimleaje, nikamjibu kwa kirefu. Nilieleza mambo ya hesabu, ya nidhamu, ya uji wa wimbi. Nilijipa sifa nyingine ambazo ni za mama yake.

Tulikuwa tumepita maziwa makubwa, chini ni misitu ya Kongo, na mbele mawingu yamesimama meupe, marefu kuliko tulipokuwa. Tukawashiwa taa ya kufunga mikanda. Nilihisi ndege ikipinda polepole kuyazunguka. Kisha ukaja mtetemo. Haukuwa wa kurushwarushwa kama kwenye barabara mbovu. Ulikuwa mdogo, wa haraka, unatoka sakafuni na kuingia miguuni, na injini zilikuwa zimekaza sauti.

Halafu pua ikainama. Chai ilitoka kikombeni ikaniangukia mapajani, ya moto, na mimi nimeuinua mkono wa kulia juu kama mtu anayeapa mahakamani, usije ukalowa. Watu walipiga kelele. Mama Ciku alikuwa tayari kwenye maombi, kwa Kikuyu na kwa sauti ya kanisani. Tulishuka, tukashuka, mpaka nikaanza kuwaaga wanangu mmoja mmoja kimoyomoyo. Ndipo mtetemo ukakoma. Sauti ya injini ikatulia, sakafu ikarudi chini ya miguu yangu, na ndege ikaenda sawa kana kwamba si yenyewe iliyokuwa ikishuka.

Baadaye kidogo kapteni alizungumza. Marubani hawana maneno mengi. Alisema tulikuwa tumepungukiwa na kasi, tumeshuka, tuko salama, na chai italetwa tena. Basi. Hakusema kwa nini, na watu wasipopewa sababu hujitafutia.

Vichwa viligeuka, vya mbele na vya nyuma, vyote kwangu. Mama Ciku alikuwa bado ameshika kiti.

"Mzee," alisema, "si ulituambia ni mtoto wako anaendesha? Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

Niliinama nikafuta chai mapajani. Nataka mjue lililoniuma kuliko ile chai. Sikujua kama Wangari alikuwa amekosea au amepatia. Nilikuwa nimemsifu saa nzima kwa kazi nisiyoijua, na sasa sikuweza kumtetea hata kwa neno moja. Safari iliyobaki niliitazama glavu yangu, nikifikiri kwamba kama ningeufikisha ule mkono kwa wakati, pengine haya yasingetokea.

Tulipotua watu walipiga makofi. Mama Ciku hakupiga. Alikuwa ameshika simu mdomoni, anawatumia watu wa Karatina sauti yake: msichana wa Mukurweini ameangusha ndege, tumeokolewa na Mungu.

Accra

Jioni Wangari alinipeleka mahali pa kula karibu na hoteli. Nililetewa samaki mkubwa wa kukaanga, pilipili ya kutoa jasho, na donge la kama ugali lililofungwa kwa maganda ya mahindi. Nililionja nikalirudisha haraka. Nilimwita mhudumu, nikamweleza kwa upole kwamba ugali huu umelala, umechacha, na kwetu tungeupa nguruwe. Mama yule alinitazama kwa huruma. Akanieleza kwamba hicho ni kenkey, unga wake huchachushwa makusudi siku kadhaa, na kisipochacha ndipo hurudishwa. Nikala. Mpaka nusu ya samaki nilikuwa nimeanza kukipenda, na Wangari alikuwa amecheka hadi akafuta macho.

Nilipoona amecheka nikapata nguvu ya kuuliza. Nikamwambia asinifiche: nini kilitokea kule juu, na ni nani aliyekuwa ameshika usukani?

"Ni mimi, Baba," alisema. "Safari ya kuja ilikuwa zamu yangu."

Alisukuma sahani kando, akanyoosha kiganja hewani, akanieleza kama anayemweleza mtoto, na mimi nilishukuru kuelezwa hivyo. Ndege haishikiliwi na injini peke yake. Inashikiliwa na hewa inayopita kwenye bawa. Kule juu hewa ni nyembamba. Ukienda polepole bawa huachilia, ukienda mbio kupita kiasi nayo ni hatari, na nafasi ya katikati ni finyu. Walipokuwa wakiizunguka ile dhoruba, waliingia kwenye hewa ya joto na upepo ukageuka. Kasi ikaanza kupungua. Injini zikaongeza nguvu, lakini kwa urefu ule hazina akiba. Usukani ukaanza kumtetemekea mikononi. Hiyo ndiyo njia ya ndege ya kusema kwamba bawa liko karibu kuachilia.

"Sasa hapo mkono unataka kuvuta," aliniambia. "Kila mtu akisikia anaanguka anataka kujivuta juu. Ukivuta, umemaliza watu. Inabidi usukume pua chini. Unapeana urefu, unarudishiwa kasi."

"Kwa hiyo hukuiangusha."

"Niliishusha, Baba. Mpaka ikapata kasi, halafu nikaikalisha sawa."

Nilimuuliza tulishuka kiasi gani. Akafikiri, akasema kama mteremko wa kutoka Karatina mpaka Sagana. Mimi nilikuwa nimedhani ni kutoka mbinguni.

Wakati huo kapteni wake alipita akitafuta meza. Anaitwa Mutegi, mtu wa Chuka, upande wa pili wa mlima wetu, mwenye uso wa shemasi. Alisimama kunisalimia kwa mikono miwili. Nilimuuliza moja kwa moja kama yeye ndiye aliyeokoa ndege, maana Karatina nzima wakati huo ilikuwa inaamini si Wangari.

"Mzee, mimi mikono yangu ilikuwa kwa magoti," alisema. "Nilikuwa namsomea kasi tu, na kuambia watu wa redio tunashuka. Alisema kwa sauti kila kitu anafanya, kabla afanye. Ningechukua usukani ningekuwa naharibu kazi nzuri."

Alisema hivyo kama anayetaja bei ya mahindi, akatutakia chakula chema, akaenda. Sijui kama anajua alichonipa. Nimesifiwa kwa viazi, nimesifiwa kwa ng'ombe, na mara moja nilisifiwa kanisani kwa kutengeneza paa. Yote hayo hayakunifikia mahali maneno ya yule Mchuka yaliponifikia.

Wangari alikuwa ameinamisha macho.

"Kuna kitu kingine," alisema. "Nilijua uko huko nyuma. Na sikukufikiria hata mara moja, mpaka ndege ikakaa. Pole, Baba."

Nilimwambia asiniombe pole. Angenifikiria mimi, angekuwa ameacha kufikiria bawa. Na kulikuwa na watoto wa watu mle ndani, kulikuwa na Mama Ciku na vitenge vyake. Nilimwambia kwamba kati ya yote niliyosikia siku ile, hilo la kunisahau ndilo lililonifanya niwe na fahari kuliko yote. Na ni kweli, hata sasa ninapoandika.

Kisha nikavua glavu, nikamshika mikono yote miwili juu ya meza, nikampa iliyokuwa yake. Aliinamisha kichwa kama anayeombewa. Halafu akaunusa mkono wangu, akasema ati unanuka kondoo, nikaoshe haraka.

Accra hadi Chaka

Safari ya kurudi sina mengi ya kusema, na safari njema ndivyo zilivyo. Niliketi karibu na kijana mmoja Mghana aliyekuwa akija kusoma mambo ya mifugo. Niliapa sitasema chochote kuhusu rubani. Nilivumilia mpaka tulipoanza kuliona Ziwa Viktoria, ndipo uvumilivu ukaniishia. Nilimweleza mambo ya bawa, kasi na hewa nyembamba, huku nikinyoosha kiganja changu. Alinisikiliza kwa heshima kubwa, na nadhani alilala kidogo tu.

Chaka niliwakuta nyinyi. Sina haja ya kuwakumbusha mlivyonipokea. Kinyozi aliacha kichwa cha mtu nusu akatoka nje kuniuliza. Yule wa mbolea alinipa pole, kama mtu aliyefiwa. Sauti ya Mama Ciku ilikuwa imefika Karatina, ikapita Nyeri, ikapanda mpaka Nanyuki, na kila ilipopita ilinenepa. Wengine walisema msichana alilala. Wengine walisema kapteni alimnyang'anya usukani. Mzee mmoja wa soko, ambaye sitamtaja kwa kuwa anasoma haya, alisema kazi hizi si za wasichana. Niliwaeleza, mkatikisa vichwa kwa adabu, na nikaona machoni kwamba mnamhurumia baba anayemtetea mtoto wake. Iliniuma sana.

Mama Ciku mwenyewe alinipigia simu kutoka Accra. Alikuwa amemkuta kapteni hotelini akaelezwa. Hakuomba msamaha, si mtu wa hivyo. Aliniuliza Wangari ataendesha tena siku gani, maana anataka kurudi naye na si na mtu mwingine.

"Basi watumie watu sauti nyingine," nilimwambia. "Wajue ukweli."

"Nilituma, Mzee. Lakini ile ya kwanza ndiyo watu wanapenda."

Gakindu tena

Nilikwenda kwa Shosho Jumamosi. Habari ilikuwa imeshafika. Gakindu nako kuna simu. Nilimkuta ameketi nje akichambua maharagwe, hakuinua uso. Hakuuliza kuhusu Accra wala samaki. Aliuliza jambo moja tu, lile nililokuwa naliogopa njia nzima: baraka niliifikisha kabla ya ile ndege kuinama, au baada?

Kumdanganya mama yangu sijawahi kuweza. Nilimweleza jinsi Wangari alivyoishusha ndege akaikalisha, kisha habari ya kioo, mlango wao na haraka yao. Nikamwambia baada. Nilingoja aniambie kwamba mimi ndiye niliyeleta balaa.

Shosho aliacha maharagwe. Akatabasamu polepole, kwa ule mdomo wake usio na meno.

"Basi hiyo ya kuishusha ndege aliifanya mwenyewe," alisema. "Baraka yangu bado ni nzima. Hajaitumia."

Kesho yake tulikwenda kanisani pamoja. Ulipofika wakati wa shukrani, wakati watu husimama kusema Mungu aliwatendea nini wiki hiyo, mama yangu alishika benchi la mbele akainuka. Nilitaka kumsaidia akanisukuma. Kanisa zima lilimtazama, kwa sababu wote walikuwa wamesikia ile sauti ya simu, na wote walijua amesimama kwa nini. Alisema kwa Kikuyu, nami nawaandikia alivyosema.

"Nimesikia kwamba Wangari wa Gakindu ameangusha ndege. Wangari wa Gakindu ni mimi. Sikuiangusha. Niliishusha, nikaikalisha, nikawafikisha watu kwao. Aliye na swali aniulize mimi, nimesimama hapa."

Alisimama akingoja, akitazama benchi moja baada ya jingine. Hakuna aliyeuliza.